Meli ikishapigwa, wenzake hawasimami

Nafundisha mabaharia namna ya kuokoa maisha baharini, na kila darasa jipya hapa Mombasa huniuliza swali lile lile: kama wakati wa Vita Kuu ya Pili meli zilikwenda kwa msafara, zikilindwa na manowari, hatari ilibaki wapi? Huwajibu kwa habari ya meli iitwayo Khedive Ismail.

Iling'oa nanga Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo, moja kati ya meli tano zilizobeba askari. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,500: mabaharia, wauguzi, na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili, makombora yaendayo ndani ya maji. Khedive Ismail ilizama kwa dakika mbili hivi. Hebu jiwekeni chumba cha injini: ngazi juu ya ngazi, giza, na meli imeshalala ubavu. Kuteremsha mashua moja tu ya kuokolea, hata bandarini pametulia, huchukua muda kuliko huo.

Walioweza kujitupa majini waliziona meli nyingine zikienda zake. Si ukatili. Meli inayosimama kuokota watu hujigeuza shabaha ya topido ijayo. Kuokoa iliachiwa manowari Paladin, lakini I-27 ilikuwa bado huko chini, na manowari ya pili, Petard, ikalazimika kuirushia mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, huku watu wanaelea pale pale.

Hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi. Maji hayashindiliki kama hewa. Kishindo cha bomu hupita ndani yake na nguvu zake, kikafika mwilini na kupasua palipo na hewa: mapafu na matumbo. Mtu aweza kupandishwa sitahani hana hata mchubuko, kumbe anavuja damu ndani. Kwa hiyo nawaambia: mabomu yakianza, lala chali, kifua na tumbo viwe juu ya maji kadiri uwezavyo.

Siku ile walikufa karibu watu 1,300. I-27 nayo ilizamishwa na topido ya Petard.

Na baharia wa meli ya biashara hakuwa askari. Katika meli za Uingereza, hadi mwaka 1941, wengi walikatiwa mshahara tangu siku meli ilipozama. Siku alizokaa juu ya chelezo akisubiri kuokolewa, alikuwa hana kazi.