Alzheimer huanzia wapi kwenye ubongo? Maswali na majibu kuhusu gamba la entorina

Mzee akianza kuuliza jambo lile lile kila baada ya dakika chache, watu wa nyumbani hugawanyika. Wapo wanaosema ni uzee tu, wapo wanaosema ni ukaidi, na hakosekani wa kusema kuna mkono wa mtu. Mara nyingi chanzo ni kipande kidogo cha ubongo ambacho wengi wetu hatujawahi hata kukisikia. Ninakieleza hapa kwa sababu naamini anayejua Alzheimer, ugonjwa unaoharibu kumbukumbu na akili taratibu, unapoanzia humhudumia mgonjwa kwa namna nyingine kabisa.

Gamba la entorina ni nini, na liko wapi?

Ubongo wa binadamu umefunikwa na gamba la seli za neva lenye unene wa milimita chache. Gamba hilo lina maeneo mengi, na kila eneo lina kazi zake. Eneo la entorina limejificha upande wa chini na wa ndani, takribani usawa wa sikio, moja kulia na jingine kushoto. Limepakana na hipokampasi, sehemu inayotengeneza kumbukumbu mpya.

Wataalamu huliita lango la hipokampasi, na jina hilo linalifaa. Sura ya mgeni aliyeingia, maneno aliyosema, harufu ya chakula kilichokuwa mezani, vyote hushughulikiwa kwanza kwenye maeneo mengine ya gamba. Kisha taarifa hukusanyika entorina, na kutoka hapo huingia hipokampasi. Seli zinazozipeleka ndani ziko hasa kwenye tabaka la pili kutoka juu. Yanayotoka hipokampasi nayo hupita hapo hapo, safari hii kwenye matabaka ya chini, yakirudi kuhifadhiwa sehemu nyingine za ubongo.

Ugonjwa unafanya nini mahali hapo?

Ndani ya seli za neva kuna protini iitwayo tau. Kazi yake ya kawaida ni kuimarisha vijibomba vyembamba vinavyosafirisha virutubisho na kemikali kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Katika Alzheimer, tau hubadilika, ikabanduka kwenye vijibomba hivyo na kuanza kushikamana yenyewe kwa yenyewe, mpaka inakuwa mafundo ya nyuzi ndani ya seli. Usafirishaji hukwama. Seli hupoteza mawasiliano na wenzake, na hatimaye hufa.

Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Heiko Braak na mkewe Eva, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu waliokwisha kufariki. Walionyesha kwamba mafundo ya tau kwenye gamba la ubongo hayatokei ovyo. Huanzia entorina na ukingo wake, yakaenea hipokampasi na maeneo jirani, kisha mwishoni yakasambaa sehemu kubwa ya gamba. Waligawa safari hiyo katika hatua 6, na mpaka leo wataalamu wanaochunguza ubongo wa marehemu wanazitumia.

Utafiti mwingine, uliochapishwa Marekani mwaka 1996, ulihesabu seli zenyewe. Watu waliokufa wakiwa na dalili nyepesi sana, wale ambao jirani asingejua kama ni wagonjwa, walikuwa na upungufu wa takribani asilimia 60 ya seli za tabaka la pili la entorina. Kwa waliofikia hatua kali, upungufu ulikuwa karibu asilimia 90. Hizo ndizo seli zilizopaswa kuingiza habari mpya. Siku familia inapoanza kunong'ona kwamba "mama siku hizi anasahau sana," uharibifu si wa jana wala juzi.

Nimesikia pia kuhusu amiloidi. Hiyo nayo iko wapi?

Amiloidi ni protini nyingine, na mabonge yake hujikusanya nje ya seli. Haifuati njia ya tau: huanza kwenye maeneo mengine ya gamba, na huweza kujijenga kwa miaka mingi bila dalili yoyote. Tau kidogo kwenye entorina huonekana hata kwa wazee wengi ambao hawana shida yoyote ya kumbukumbu. Mambo hubadilika pale amiloidi inapokuwa imejaa, kwani hapo tau hutoka kwenye eneo lake la mwanzo na kusambaa. Ndiyo maana ugonjwa huitwa Alzheimer zinapokutwa protini zote mbili.

Kwa nini bibi anasimulia harusi yake ya miaka hamsini iliyopita, lakini hajui kama amekula asubuhi?

Kwa sababu kumbukumbu ya harusi ilikwisha kupita lango zamani, ikatandazwa kwenye maeneo ya gamba ambayo ugonjwa haujayafikia. Uji wa leo asubuhi haukupita. Kwa mwenye Alzheimer ya mwanzoni, mara nyingi tukio la leo halikuwekwa kabisa, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka hata ajitahidi vipi.

Naomba familia zilitafakari hili. Tunapomwambia mzee "si nimekwambia sasa hivi!", tunamdai kitu ambacho hakipo. Kwake yeye, anauliza mara ya kwanza. Aibu anayoipata, lakini, inaweza kubaki, kwa kuwa hisia hutegemea pia sehemu nyingine za ubongo. Atasahau ulichosema, na bado akashinda na unyonge asiojua umetoka wapi.

Mbona daktari alimtajia mama maneno matatu, akazungumza mambo mengine, kisha akamwuliza yale maneno?

Alikuwa anapima kama habari mpya inaingia. Tuseme maneno ni embe, kiti, bahari. Baada ya dakika kadhaa mzee mwenye afya anaweza kukwama. Daktari akimdokeza kwamba "moja lilikuwa tunda," mara anacheka: "Ah, embe!" Neno lilikuwamo, lilichelewa tu kutoka. Mwenye Alzheimer dokezo mara nyingi halimsaidii. Anaweza kutaja chungwa, au akakataa kwa upole kwamba hakutajiwa neno lolote. Tofauti hiyo ndogo inamwambia daktari mengi, ingawa peke yake haitoshi kuthibitisha ugonjwa.

Hata mgonjwa wa kwanza kuelezwa alikuwa hivyo. Auguste Deter alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51. Daktari Alois Alzheimer alimwonyesha vitu kama kalamu, pochi na ufunguo, naye akavitaja sawasawa. Muda mfupi baadaye hakukumbuka alikuwa ameonyeshwa nini. Alifariki mwaka 1906, na mwaka huo huo Alzheimer akaelezea mbele ya madaktari wenzake mafundo na mabonge aliyoyaona kwenye ubongo wake kwa hadubini.

Babu amepotea mara mbili. Hilo nalo linahusiana na sehemu hii?

Linahusiana sana. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Trondheim, Norway, lililoongozwa na May-Britt na Edvard Moser, lilieleza seli za ajabu ndani ya entorina ya panya. Panya akitembea uwanjani, kila seli ya aina hiyo huwaka, yaani hutuma ishara, anapofika kwenye vituo fulani, na vituo hivyo vikichorwa hutoa mtandao wa pembetatu zinazolingana. Kwa seli hizo ubongo hupima umetembea umbali gani na umegeuka upande upi. Mwaka 2014 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na John O'Keefe wa London, aliyekuwa amegundua seli za mahali, zinazotambua ulipo, kwenye hipokampasi miongo kadhaa kabla.

Seli hizo zikianza kufa, mtu hupoteza hesabu ya alikotoka. Kuna jambo familia zetu hulikuta bila kulielewa. Mzee anaishi kijijini kwake, anakwenda shambani na kurudi, na hakuna anayeona tatizo. Akiletwa mjini kwa mwanawe, wiki haijaisha anapotea akitoka tu kwenda dukani, au usiku anaingia stoo akitafuta choo. Watu husema mji umemharibu, au mkwe kamfanyia jambo. Kumbe kijijini alibebwa na mazoea ya miaka sitini: ule mwembe, ule msikiti, ile njia ambayo miguu inaijua yenyewe. Mjini lazima ajifunze ramani mpya, na chombo cha kujifunzia ndicho kilichoumwa. Kabla ya kumlaumu mkwe, mpelekeni hospitali.

Je, kushindwa kunusa ni dalili?

Inaweza kuwa. Neva za kunusia hupeleka taarifa zake entorina kwa njia fupi sana, na baadhi ya wagonjwa hushindwa kutambua harufu mapema, hata wasisikie ugali ukiungua. Lakini mafua sugu, sigara na Uviko-19 pia huharibu kunusa. Dalili hii ikiwa peke yake isimtie mtu hofu.

Si kila mzee hufikia hapo?

Hapana. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, waliokuwa na dimenshia (kupungua kwa kumbukumbu na akili kunakovuruga maisha ya kila siku) ya aina yoyote walikuwa asilimia 6.4. Alzheimer ni aina mojawapo ya dimenshia, ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Wazee wengi sana wa Hai, basi, walikuwa na akili zao. Na ule utafiti wa 1996 niliotaja haukuona upungufu wa seli za entorina kwa watu wa miaka 60 hadi 90 waliokuwa na kumbukumbu timamu. Kutafuta ulipoweka funguo au kusahau jina la mtu kisha likakujia usiku ni mambo ya umri. Kushindwa kupika chakula ulichokipika maisha yako yote si mambo ya umri.

Hospitali wanaweza kuuona uharibifu huo?

Kwa kipimo cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, daktari huweza kuona entorina na hipokampasi zimesinyaa, ingawa mwanzoni kabisa picha inaweza kuonekana ya kawaida. Vipo pia vipimo vya maji ya uti wa mgongo, vya damu, na picha maalumu zinazoonyesha amiloidi na tau, lakini kwetu Afrika Mashariki ni vigumu kuvipata.

Asiyeweza kufika kwenye MRI asikate tamaa. Kazi kubwa hufanyika kwa mazungumzo marefu na mgonjwa na mtu anayeishi naye, na kwa vipimo vya kawaida vya kutafuta magonjwa yanayofanana na Alzheimer lakini yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni kufanya kazi kidogo, kaswende, VVU, sonona, damu iliyovuja taratibu kichwani baada ya kuanguka. Beba dawa zote mzee anazotumia, pamoja na za kienyeji na zile za usingizi. Baadhi huvuruga kumbukumbu.

Kuna dawa ya kurudisha seli zilizokufa?

Hakuna. Vidonge kama donepezil huongeza kemikali moja ya mawasiliano kwenye ubongo na huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi, bila kuuzuia ugonjwa. Dawa mpya za dripu zinazoondoa amiloidi, lecanemab iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023 na donanemab ya 2024, hupunguza kasi kwa walio katika hatua za mwanzo tu. Ni ghali mno, na zinaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu ndani ya ubongo, hivyo zinahitaji MRI za mara kwa mara. Anayekuuzia unga au mafuta ya "kufufua ubongo" anakula pesa zako.

Kinga ipo, na hapa nina matumaini ya kweli. Kamati ya wataalamu ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Presha, kisukari, sigara, ulevi na kukaa bila mazoezi yamo. Yamo pia mengine tunayoyapuuza: usikivu uliopungua bila kifaa cha kusaidia, macho yasiyotibiwa, upweke. Mzee asiyesikia vizuri huachwa pembeni kwenye mazungumzo, na hapo anapata hasara mara mbili.

Nimjibu vipi anapouliza tena na tena?

Jibu kwa ufupi, kwa sauti ile ile uliyotumia mara ya kwanza. Akiuliza "Asha hajafika?", mwambie "Bado, Mama, atakuja jioni," kisha mpe kazi ya mikono anayoiweza: kuchambua mchele, kukunja nguo, kumenya viazi. Mara nyingi swali hilo limebeba wasiwasi, na wasiwasi hutulizwa na ukaribu kuliko maelezo. Usimfanyie mtihani mbele ya wageni: "Huyu ni nani? Haya mtaje!" Mgeni ajitambulishe mwenyewe: "Shikamoo Mama, mimi Juma, mtoto wa dada yako." Vitu vya nyumbani visibadilishwe mahali bila sababu. Dawa zake zitunzwe na mtu mmoja, jiko la gesi lifungwe kwenye mtungi, na mfukoni mwake pawe na karatasi yenye namba ya simu ya nyumbani.

Ni lini nisisubiri?

Alzheimer huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka, hajui alipo, anaona vitu visivyokuwepo au amekuwa mzito wa usingizi, huenda ana maambukizi, malaria, sukari iliyoshuka au kupanda, au kiharusi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, ni dharura. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama tayari anajulikana kuwa na Alzheimer.