Mguu Mmoja wa Mzazi Ukivimba, Usikandwe

“Daktari, ni mshipa tu umekaza, tumemkanda wee, haulegei.” Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno kwa akina mama wanaowaleta binti zao waliojifungua wiki mbili tatu zilizopita, na kosa lenyewe linaanzia kwenye neno. Kwetu mshipa ni neva, ni kano, ni ngiri na ni njia ya damu, hivyo kila kinachouma mguuni hupewa dawa ileile ya maji ya moto na mkono mzito.

Hapa tatizo ni bonge la damu lililoganda kwenye vena ya ndani ya mguu, yaani njia inayorudisha damu moyoni. Ukuta wake ni mwembamba kuliko wa ateri, njia inayotoa damu moyoni, na damu hupanda kurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu, huku vali, vilango vidogo vya ndani ya vena, zikiizuia isiteremke. Mwili wa mjamzito huongeza uwezo wa damu kuganda ili asivuje kupita kiasi wakati wa kujifungua, na hali hiyo huendelea takriban wiki 6 baadaye, yaani zilezile siku 40 ambazo mzazi hulazwa ndani, huambiwa asinyanyuke, na hukandwa. Bonge la damu likichuliwa huweza kung'oka, likapita upande wa kulia wa moyo na kuziba mishipa ya mapafu. Mimi mwenyewe ninapopima kwa altrasaundi huibonyeza vena taratibu: iliyo nzima hubonyea mara moja, kuta zikagusana, yenye bonge hukataa, nami huondoa mkono papo hapo. Mgongo mkandeni mkipenda, lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, aletwe hospitali siku hiyohiyo. Dawa atakazopewa huzuia bonge lisikue wakati mwili ukiliyeyusha wenyewe, kwa hiyo hutumiwa angalau miezi 3, hata kama uvimbe umekwisha ndani ya wiki.

Ziko na imani nyingine kuhusu njia za damu. Wanaosema presha hujulikana kwa kuumwa kichwa nawaomba wapime tu, kwani wengi wenye 180 kwa 110 hawasikii chochote. Kitunguu saumu hakizibui ateri: mafuta yanayoiziba yamejijenga ndani ya ukuta wenyewe, si juu yake kama uchafu wa bomba. Na vena zilizojisokota miguuni si damu chafu, bali ni vali zilizolegea. Kuzichanja kwa wembe huongeza kidonda tu.