Je, wajua kwa nini sanamu za Memnon zilichorwa zikiwa majini?

David Roberts, mchoraji kutoka Uskoti, alifika Misri mwaka 1838. Michoro yake ya rangi za maji ilichapishwa na kusambazwa Ulaya katika miaka ya 1840, na mmoja unaonyesha sanamu mbili za Memnon, karibu na Luxor, zikiwa zimezungukwa na maji. Ingawa zina jina la Memnon, shujaa wa hadithi za Kigiriki, zote mbili ni za Farao Amenhotep III, aliyetawala katika karne ya 14 kabla ya Kristo. Zina urefu wa mita 18 hivi, na zililinda lango la hekalu ambalo sasa limebaki vipande.

Maji yale hayakuwa ziwa. Yalikuwa mafuriko ya Nile, yaliyofunika uwanda ule kila mwaka. Huenda mchoraji aliyaongeza kidogo kunogesha picha, lakini hakuyabuni.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki huvimba kichwa: Nile inatoka Ziwa Victoria, basi mafuriko yalikuwa yetu. Hapana. Chukua pipa kubwa la maji lenye tundu dogo ubavuni, na kando yake bati la paa. Mvua inyeshe isinyeshe, tundu hutiririsha karibu kiasi kilekile; bati humwaga mvua inapoanza, hukauka inapokatika. Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,000 hivi, ndilo pipa. Masika yetu hulipandisha kidogo tu. Tena, maji yakishapita Jinja na kufika Sudd, kinamasi cha Sudan Kusini, karibu nusu yake hugeuka mvuke.

Bati ni nyanda za juu za Ethiopia. Mvua za Juni hadi Septemba huporomoka kupitia Nile ya Bluu na Atbara, zikibeba tope lililorutubisha mashamba ya Misri. Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya Nile yanayofika huko kwa mwaka hutoka Ethiopia, na msimu wa mafuriko sehemu hiyo huwa kubwa zaidi. Pipa letu lina sifa yake: ndilo lililozuia mto usikauke miezi ya kiangazi.

Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilikomesha mafuriko. Mawe ya kale hayakupumzika, kwani mashamba sasa humwagiliwa mwaka mzima, na unyevu unaopanda kutoka ardhini huleta chumvi inayoyamomonyoa.