Mwanza Unayosimuliwa na Mwanza Yenyewe

Mtu wa Mwanza akitua Dar, kabla hajaweka begi chini ataulizwa: "Umetuletea sato?" Sifa ya samaki si mbaya, ila imefunika mambo mengi. Ukitaka kulielewa jiji hili, anza na mawe, Ziwa Victoria lifuate. Haya hapa ndiyo yanayosemwa sana kuhusu Mwanza, na majibu yake.

"Yale mawe yalirushwa na volkano, au kuna watu waliyapanga."
Hapana. Ni granaiti iliyopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kisha ikapasuka nyufa za kukatizana. Maji yakapenya kwenye nyufa na kuulainisha mwamba pembeni hadi ukawa udongo. Udongo uliposombwa, vipande vigumu vikabaki vimekaliana. Jiwe la Bismarck, lile la majini karibu na kivuko cha Kamanga, limepewa jina la kansela wa Ujerumani, ila kazi yote ni ya mvua na muda.

"Mnaishi kando ya ziwa, mtakosaje maji?"
Hili huwachekesha, na wakati mwingine huwaudhi, wakazi wa Mabatini, Igogo na Bugarika. Ziwa liko bondeni, wao wako mlimani. Tone la maji halipandi lenyewe. Lazima lisukumwe kwa pampu, na umeme ukikatika bomba nalo hukauka. Chanzo cha Capri Point kilibeba mzigo huo kwa miaka mingi, cha Butimba kikaja kusaidia. Panda mojawapo ya vilima hivyo asubuhi utakutana na madumu ya lita 20 yakipandishwa kwa kichwa katikati ya mawe. Kuna nyumba ambazo ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe. Gari haifiki, kwa hiyo friji, kitanda na hata mgonjwa hubebwa na watu. Mgeni hupiga picha akasema pazuri. Ni kweli pazuri, ila muulize mbeba friji.

"Mwanza ilijengwa na samaki."
Pamba ilitangulia. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na kabla ya hapo mzigo ulivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ukashuka kwa treni kwenda Mombasa. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba chini ya Paul Bomani waliunda ushirika uliotikisa biashara ya kanda nzima. Sangara mwenyewe ni mgeni: alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza kwa wingi furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Viwanda vya minofu vikafuata. Minofu ikaenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yakabaki kwa wenyeji. Mtu akijisifia sangara, mkumbushe na hilo. Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, leo dagaa ndiye anayetamba, na wanunuzi hutoka hadi Kongo.

"Ni jiji la Wasukuma."
Ni wengi, kweli. Lakini wapo Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wakurya, na familia za Kihindi zilizofanya biashara katikati ya mji kwa vizazi.

"Joto lake ni la Dar."
Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua ni kali, lakini jasho la Kariakoo hulipati.

"Kirumba iko Jiji la Mwanza."
Kiutawala, Jiji ni Nyamagana. Kirumba iko Manispaa ya Ilemela, na uwanja wa ndege pia. Kwa sensa ya 2022, wilaya hizo mbili pamoja zina zaidi ya watu milioni 1, na wengi huvuka mpaka huo kila siku bila kuujua.

"Kwenda Sengerema au Geita lazima upange foleni ya pantoni."
Ilikuwa hivyo Kigongo, na foleni ilipika watu juani. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa. Kamanga bado kuna kivuko, kwa anayetokea mjini na asiyetaka kuzunguka.