Bunduki ya Kiafghani Uliyorithi: Muhuri wa Mtambo Hautoshi

Tangu Kanuni za Silaha za Kale za mwaka 2021 zianze kutumika Uingereza, familia nyingi, zikiwemo za Waswahili wanaoishi hapa, hutuletea sisi wa makumbusho picha za bunduki ndefu za gumegume (zinazowashwa kwa cheche za jiwe) zenye kitako kilichopinda. Maswali huwa ni yale yale: ni ya mwaka gani, na je, tutashtakiwa?

Kabla ya yote, hakikisha haina baruti ndani. Ingiza mdeki (ufito wa kushindilia) ndani ya mtutu mpaka ugote, uutie alama usawa wa mdomo wa mtutu, kisha utoe na uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha yake ikiishia mbali kabla ya kufika kwenye kifa (tundu la kuwashia baruti), bunduki imeshindiliwa. Usijaribu kuitoa hiyo baruti. Ipigie polisi namba 101, ueleze, usubiri maelekezo. Tafadhali usiibebe mkononi barabarani hadi kituoni, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Sasa utambuzi. Jezail, yaani bunduki hii ndefu ya Kiafghani, ina mtutu ambao mara nyingi hupita sentimita 100, uliofungwa kwenye mti kwa mikanda ya shaba, na kitako chenye mpindo. Bunduki ya Kiomani ya fatila, ambayo wapo wanaoichanganya na hii, ina kitako chembamba kilichonyooka na huwashwa kwa utambi. Mpindo ukiwa mkubwa mno, fikiria Sindh, katika Pakistan ya leo, kwanza.

Ukiona simba aliyesimama akishika taji, au moyo uliogawanywa sehemu nne zenye herufi, hizo ni alama za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Moyo ulitangulia, simba akafuata kuanzia 1808. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na tumelisema hili mara nyingi mno: muhuri ni wa mtambo (sehemu ya kufyatulia), si wa bunduki nzima. Mafundi wa Afghanistan walichukua mitambo ya bunduki za kampuni hiyo na kuifunga kwenye mitutu yao wenyewe. Wengine waliiga hata mihuri, ndiyo maana utakuta herufi zilizogeuzwa na simba asiyefanana na simba. Kwa hiyo tarehe iliyo kwenye mtambo haithibitishi kwamba silaha yako ilikuwepo Gandamak, Afghanistan, Januari 1842, jeshi la Uingereza lilipoangamizwa likirudi kutoka Kabul. Zipo pia zilizotengenezwa juzi kwa ajili ya kuwauzia wanajeshi wa kigeni baada ya 2001. Chunguza skrubu, kutu ya ndani, na mahali mti ulipolika kwa kushikwa.

Kisheria, kifungu cha 58(2) cha Sheria ya Silaha ya 1968 kinaruhusu silaha ya kale kumilikiwa bila cheti, ilimradi iwe kumbukumbu au pambo. Nakala ya kisasa haimo. Ukitaka kuifyatua, hata mara moja, msamaha huo unakoma: mtutu wenye mifuo ya ndani huhitaji cheti cha silaha, mtutu laini wa urefu huu cheti cha shotgani, na baruti ina cheti chake. Kumiliki silaha bila cheti kinachotakiwa kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 5. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi haruhusiwi kabisa, na tangu 2014 katazo hilo linagusa silaha za kale pia. Mrithi wa namna hiyo asiichukue.

Msamaha huu ni wa Uingereza. Usiifunge kwenye mzigo wa kwenda Mombasa au Dar es Salaam kwa kudhani ni pambo tu. Omba kibali huko kwanza, kwa maandishi.

Ukituandikia, tuma picha za mtambo pande zote mbili, kifa, mdomo wa mtutu na kitako kizima, pamoja na karatasi zozote za marehemu. Usiisugue wala kuipaka mafuta kabla hatujaiona. Bei hatutoi.