Je, wajua? Kwa nini wakulima wa Niger waling'oa miti yao, kisha wakairudisha

Kusini mwa Niger, pande za Maradi na Zinder, msimu wa mvua utakuta mti umesimama shambani bila jani, na uwele chini yake umestawi kuliko kwingine. Mti huo haujafa. Wahausa huuita gao, nao ni ndugu wa mgunga. Hupukutisha majani mvua zikianza na kuchipua kiangazi, kwa hiyo hauyatii mazao kivuli, na maganda ya mbegu zake hulisha mifugo nyasi zikiisha. Karne ya 19, Sultani Tanimoune wa Zinder aliweka adhabu ya kifo kwa atakayeukata ovyo.

Mti wa thamani hivyo ulitowekaje?

Wafaransa walitoa amri ya misitu mwaka 1935, na ilivyotekelezwa, mti ulikuwa wa serikali hata ukiota katikati ya shamba lako. Kukata bila kibali ni faini. Mkulima akapiga hesabu: mche wa leo ni kesi ya kesho. Akaung'oa ungali mdogo. Baada ya uhuru wa 1960 askari wa misitu waliendelea na utaratibu uleule. Na hapo kulikuwa na karanga, zao la biashara, lililotaka shamba jeupe lisilo na visiki vya kukwaza jembe la ng'ombe. Ukame wa 1968 hadi 1974 ukakuta ardhi iko uchi. Upepo ulifukia miche ya uwele kwa mchanga, watu wakapanda mara tatu na zaidi msimu mmoja.

Miaka ya 1980 bei ya urani, madini ambayo Niger iliyauza nje, ilianguka, serikali ikaishiwa fedha, na Rais Kountché akafariki mwaka 1987. Mkono wa askari wa misitu ukalegea, wakulima wakaanza kuihesabu miti kuwa yao. Sheria yenyewe ya misitu ilibadilishwa mwaka 2004 tu.

Bahati ni kwamba chini ya mchanga mizizi ilikuwa hai. Mwaka 1983 Mwaustralia Tony Rinaudo, aliyekuwa akihangaika na miche ya kitalu iliyokuwa ikifa, alitambua kwamba vichaka vya mashambani Maradi ni machipukizi ya visiki. Njia yake ni hii: kiangazi, kabla ya kupanda, chagua kwenye kisiki machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, kata mengine, kisha pogolea matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa yanayochipua upya. Kuni za kwanza hupatikana ndani ya mwaka.

Panga liwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu. Panga butu huchana gome, na jeraha huoza. Ukipogolea kupita nusu, shina hubaki jembamba na upepo hulivunja.

Picha za setilaiti zilikuja kuonyesha takriban hekta milioni 5 zenye miti, karibu zote bila mche wa kitalu. Ng'ambo ya mpaka, Nigeria, kwenye udongo na mvua zilezile, mashamba mengi yalionekana meupe. Dodoma nako wakulima wanatumia njia hiyohiyo, na wameipa jina la kisiki hai.