Kifaa Kikishapandikizwa, Kazi Ndiyo Inaanza

Dhana: Mtoto kiziwi akipandikizwa kifaa cha usikivu, anatoka chumba cha upasuaji akisikia.

Siku hiyo hasikii chochote. Kifaa huwashwa baada ya wiki kadhaa, kidonda kikishapona. Hapo napo, kinachoingia si sauti kama unavyoisikia wewe. Shimesikio, yaani kile kifaa cha kuvaa sikioni, hukuza sauti, lakini hiki cha kupandikizwa huiruka sehemu ya sikio iliyoharibika na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu. Sikio lisilo na hitilafu hutegemea seli za kupokea sauti zipatazo 3,500. Aina mojawapo ya kifaa hiki inayotumika sana ina elektrodi, yaani ncha za kupitishia umeme, 22 tu. Waliopoteza usikivu ukubwani husimulia kwamba mwanzoni watu wote walisikika kama roboti.

Anayeigeuza milio hiyo kuwa maneno ni ubongo, na ubongo hufundishwa, kwa miezi na miaka, na mtaalamu wa matamshi pamoja na mzazi anayemsemesha mtoto kuanzia asubuhi hadi usiku. Aliyezaliwa kiziwi hufaidika zaidi akipandikizwa mapema, angali mdogo. Hospitali ya Muhimbili ilianza huduma hii mwaka 2017, kwa hiyo kwa Mtanzania si habari ya mbali tena. Ninachowaomba wazazi: msimnyime mtoto lugha ya alama kwa sababu ana kifaa. Akivua kipande cha nje alale, ukimya unarudi.

Dhana: Chipu ya ubongo husoma mawazo yako yote.

Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza baada ya ajali ya kupiga mbizi, aliwekewa chipu ya kampuni ya Neuralink Januari 2024. Elektrodi zake 1,024 ziko kwenye eneo la ubongo linaloongoza mwendo. Anakusudia kusogeza mkono, kompyuta iliyozoezwa ishara zake inasogeza mshale kwenye skrini, naye anacheza sataranji. Siri zake hazimo humo. Baadhi ya nyuzi zinazobeba elektrodi hizo zilichomoka ndani ya wiki chache, na wahandisi wakalazimika kurekebisha programu.

Dhana: Binadamu kuishi na mashine mwilini ni mambo ya kesho.

Arne Larsson wa Sweden aliwekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo mwaka 1958. Cha kwanza kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa mara kwa mara, vikafika 26, na akaishi hadi 2001.

Dhana: Kikishawekwa, basi, kimemaliza kazi.

Hii ndiyo inayoniumiza. Argus II, jicho la kielektroniki lenye elektrodi 60, liliwapa vipofu zaidi ya 350 duniani uwezo wa kutambua mwanga na maumbo. Mwaka 2019 kampuni iliacha kulitengeneza. Likiharibika, mwenye nalo hana vipuri wala fundi, na chuma kimebaki ndani ya jicho lake.

Hata mguu bandia wa kawaida ni hivyo hivyo: mtoto anakua, kigutu kinabadilika, kikombe cha mguu huo kinachoshika kigutu, kilichomtosha, kinaanza kumchubua. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, ulizeni daktari bila haya: waya wa nje ukikatika unapatikana wapi, kwa bei gani, na nani atakuwa anakirekebisha kifaa hiki mtoto wetu akiwa darasa la saba?